Tuta la Nje

Mwaka wa kwanza nilipeleka mabaki.
Mchicha uliokwisha kutoa mbegu,
figiri iliyotobolewa na wadudu hadi jua linapita,
nyanya zilizopasuka ubavu mmoja.
Nikafunga kwenye kiroba cha sukari, nikajiona mwema
kutoka Rau mpaka Pasua, nikisalimia kila mtu.

Bi Mwanaidi ndiye mwenye ufunguo wa ghala:
chumba kimoja nyuma ya zahanati,
mizani ya kuning'inia, daftari la mistari.
Alimimina kiroba juu ya meza,
akageuza majani kama anayetafuta pete,
kisha akauliza, bila ukali:
"Ndekusara, wewe hiki ungekipika?"

Nje kulikuwa na mbuzi.
Naye akasubiri jibu.

Njiani nilikasirika. Nikasema, masikini hachagui.
Nikasema na mengine yasiyofaa kuandikwa.
Kufika daraja la mto Rau hasira ikawa imeisha,
imebaki aibu; na aibu ni ndago:
ukiing'oa kwa mkono, kiazi kinabaki chini.

Basi masika nikapima upya.
Bustani yangu ina matuta sita, si kubwa,
mtu mrefu akilala mara nne ameimaliza.
La saba nikalichimba kando ya ua,
palepale penye masale,
nikalipa samadi ya chini kabisa, nyeusi,
ile iliyosahau kwamba iliwahi kuwa mavi,
na mbegu za mnafu nilizoficha kwenye kopo la kahawa.

Elinihaki akaegemea mlango.
"La nani hilo?"
"Simjui."
"Usiyemjua unamlimia. Mimi unanijua,
na migomba yangu haijapaliliwa."

Kiangazi zamu yetu ya mfongo ikaangukia Jumanne,
saa nane za usiku.
Nikatoka na tochi, jembe, na koti la mume.
Maji yalikuja membamba,
yakisitasita kwenye kila kokoto.
Ningeweza kulinyima lile la nje.
Nani angejua? Mlima wenyewe
ulikuwa umejifunika hadi utosini.
Nikabomoa kizuizi cha tope kwa kisigino
nikayaacha yaanzie huko.

Alhamisi mizani ikasema kilo kumi na moja na nusu.
Bi Mwanaidi akaandika. Hakusifu.
Alivunja shina moja, akalinusa,
akasema, "Haya."
Hiyo haya nilitembea nayo wiki nzima.

Halafu ikaja salamu kutoka ghalani:
yupo mzee wa Njoro, Mzee Njiku, mtu wa Singida,
anashukuru sana, ila mnafu wenu mchungu,
na je, mlenda haupo?

Nilicheka mpaka nikakaa chini.
Mwomba chumvi huombea chungu chake;
mwomba mboga kwa nini asitaje mboga?
Nikatafuta mbegu za mlenda soko zima la Mbuyuni
na muuzaji akaniuliza, mama, wewe Mchaga
umeanza lini kula mlenda?
Nikamwambia, sijaanza.

Sasa sikia la juzi.
Wageni waliingia bila taarifa, shemeji na wanawe wanne,
matuta yangu sita nimeyakwangua mpaka mizizi,
na lile la nje limesimama, limejaa, linang'aa kwa umande.
Nikachuma kiganja kimoja.
Kimoja tu, nikitazama nyuma
kama mwizi, katika shamba langu,
mbegu zangu, maji niliyoyakesha.
Wageni wakasifu mboga. Mimi haikushuka vizuri.

Alhamisi nikamwambia Bi Mwanaidi:
wiki hii imepungua kiganja, nilikopa.
Nilidhani atacheka.
Alilamba ncha ya penseli,
akafungua ukurasa mpya,
akaandika jina langu, akaandika *kiganja kimoja*,
akauliza:
"Utalipa lini?"